Jumatatu tunafungua: Darasa la Kwanza usiwasomee sheria, wafanyishe mazoezi

ChakiYaMwisho
Jumamosi, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Jumatatu shule zinafunguliwa, na najua humu wapo walimu wa madarasa ya chini ambao usiku huu wamepiga magoti sebuleni, karatasi ya manila iko chini, maka peni mkononi, wanaandika SHERIA ZA DARASA LETU namba moja hadi kumi na mbili. Mimi nilibandika karatasi hiyo miaka minne mfululizo. Mwaka wa tano ndio akili ikanijia kwamba watoto wa Darasa la Kwanza hawajui kusoma.

Niko Simiyu, shule ya kijijini, huu ni mwaka wa kumi na moja kazini na karibu yote nimeshika Darasa la Kwanza. Mwaka jana rejista yangu ilifunga na watoto 104. Mnaojua kwamba uwiano wa serikali ni watoto 45 kwa mwalimu, msianze kupiga hesabu, mtaumwa kichwa bure. Tangu elimumsingi bila malipo ianze 2016 watoto wanakuja, na nashukuru Mungu wanakuja, ila vyumba havijaongezeka kwa kasi ile ile.

Nimeleta uzi huu kwa jambo moja. Utaratibu wa darasa ni somo kama Kuhesabu. Unaonyesha, wanajaribu, wanakosea, wanarudia. Zamani mimi nilikuwa nautangaza. "Madaftari yanakusanywa kwa utulivu, sawa?" Wanaitikia "Sawaaa mwalimuuu", halafu dakika hiyo hiyo watu mia wanaivamia meza yangu kama wamesikia sukari imeshuka bei.

Siku iliyonifungua macho ilikuwa hivi. Kipindi cha Darasa la Kwanza ni dakika 30. Siku hiyo nilitazama saa: kukusanya madaftari peke yake kulikula dakika 17, na mtoto mmoja alisukumwa akapasuka mdomo kwenye kona ya meza. Nilimpeleka zahanati mwenyewe, nikarudi nyumbani, sikula.

Kesho yake sikufundisha hesabu. Nilifundisha kukusanya madaftari. Madaftari yanatoka nyuma kuja mbele. Wa nyuma anampa aliye mbele yake, huyo anaweka lake juu, anapitisha. Hakuna anayesimama isipokuwa wa dawati la mbele kabisa, naye anaweka rundo kwenye kona ya meza yenye alama ya safu yake. Mara ya kwanza tulitumia dakika tisa na madaftari mawili yalichanika. Mara ya tatu, dakika tano. Mwalimu mkuu akapita dirishani, akasimama, akauliza, "Mwalimu, hili ni somo gani?" Nikamwambia Stadi za Kazi. Akaondoka zake. Ijumaa ya wiki ile ilikuwa dakika mbili, na imebaki hapo hadi leo.

Wiki mbili za kwanza ndivyo ninavyozitumia sasa. Kuingia, kutoka, kunyamaza, madaftari, penseli, chooni. Kusoma na kuandika kunaingia katikati kidogo kidogo. Karibuni tubadilishane, hasa wenye madarasa makubwa. Wa watoto 20 na zulia, samahani, uzi wenu utakuja.


FimboYaMbali
Jumamosi, saa 3:05 usiku

Mkuu hongera kwa uzi ila tusidanganyane. Watoto wa kwetu wanaelewa lugha moja. Sisi tulichapwa, na leo tunaandika humu bila makosa ya tahajia. Siku ya kwanza unaingia na mwanzi, unaugonga mezani mara moja, hadi Desemba umemaliza kazi. Haya ya kupitisha daftari kama sahani za pilau ni ya shule za kulipia.


Kiranja_Mstaafu
Jumamosi, saa 3:11 usiku

Nimekaa paleee kwenye dawati la nyuma nasoma.

Ila hamjagusa utaratibu mkuu wa shule zote za nchi hii: KARATASI YA MAJINA YA WAPIGA KELELE. Mwalimu anatoka, monita anachomoa karatasi ya katikati ya daftari, anasimama mbele na peni. Ukisema neno, jina. Ukirudia, jina linawekewa alama ya kosa pembeni. Mimi nilikuwa monita Darasa la Nne hadi la Saba na nawaambia ukweli leo, nikiwa mtu mzima mwenye familia: lile lilikuwa duka. Jina lilifutwa kwa ubuyu. Alama za kosa zilifutwa kwa karanga, pakiti moja alama mbili. Na kuna jamaa mmoja sikuwahi kumwandika kwa sababu tulikuwa tunarudi nyumbani njia moja na alikuwa na mkono mzito.


ChakiYaMwisho
Jumamosi, saa 3:30 usiku

Kiranja umeniua, lakini umegusa penyewe. Ile karatasi inamfundisha mtoto kwamba kelele ni kosa pale tu mwandishi anapotazama. Mimi nimeifuta. Kiranja wa darasa langu ana kazi tatu: kufuta ubao, kuhesabu madaftari, na kunifuata ofisini kama kuna mtu ameumia. Na anabadilika kila Jumatatu, ili biashara isipate mtaji.

FimboYaMbali, mwanzi niliutumia miaka minne ile ile ya karatasi ya manila. Ulinipa ukimya wa dakika kumi kila nilipougonga. Baadaye lazima ugonge tena kwa nguvu zaidi, halafu meza haitoshi. Na mtoto anayekuogopa hakuulizi anapokuwa hajaelewa. Anatazama daftari la jirani, ananakili hata makosa. Mwezi wa sita ndio unagundua hajui herufi hata moja.


Mkufunzi_Mstaafu
Jumamosi, saa 3:52 usiku

Walimu wenzangu, nimefundisha vyuo vya ualimu zaidi ya miaka 20, naomba niingize mawili.

La kwanza kuhusu fimbo, maana linasemwa kana kwamba hakuna sheria. Kanuni za adhabu ya viboko ni za 1979, zikarekebishwa 2002. Zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa, hakizidi viboko vinne, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, mtoto wa kike anachapwa na mwalimu wa kike, tena mkononi, na tukio linaandikwa kwenye kitabu. Mwalimu anayetembea na mwanzi darasani kuanzia Januari ajiulize amesimama wapi. Mtoto kuzungumza na jirani yake ni kosa kubwa?

La pili, kuna Mmarekani aitwaye Jacob Kounin aliyechunguza jambo hili na kutoa matokeo yake mwaka 1970. Alianza akitaka kujua ni karipio la namna gani linatuliza darasa: kali, la upole, la kutaja jina? Akakuta aina ya karipio haielezi lolote la maana. Walimu wenye madarasa tulivu na walimu wenye madarasa ya vurugu walikaripia karibu sawa. Tofauti ilikuwa kabla ya karipio. Wale wa kwanza waliliona darasa lote hata wakiwa wanamsaidia mtoto mmoja, na walihama kutoka shughuli moja kwenda nyingine bila kuacha pengo. Vurugu huzaliwa kwenye lile pengo. Dakika 17 za madaftari za mleta mada ni pengo. Watoto mia moja hawana la kufanya, nawe umeinamia rundo.


FimboYaMbali
Jumamosi, saa 4:01 usiku

Mkufunzi nakuheshimu, mzee wangu. Ila huyo Kounin alikuwa na watoto wangapi darasani?


PwaniKE
Jumamosi, saa 4:20 usiku

Salamu kutoka Kilifi. Huku Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni 2001, na sitadanganya kwamba viliisha siku hiyo. Lakini kizazi changu cha walimu kimesomea kazi kikijua ukimgusa mtoto umejitafutia kesi. Kwa hivyo hatukuwa na budi kutafuta njia nyingine.

Mimi nafunza Gredi ya Kwanza, watoto 71. Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa kubadilisha. Leo napiga makofi wanyamaze, kesho naimba, keshokutwa nahesabu tano mpaka moja. Niliona ni ubunifu. Watoto waliona ni mwalimu asiyejua anataka nini. Sasa nina wimbo mmoja wa kutoka shughuli moja hadi nyingine, mistari minne, na wimbo ukiisha kila mtu awe amefunga daftari na kuweka penseli kwenye mkebe. Naujua mpaka usingizini. Mume wangu pia anaujua, na hajafurahi.

Karatasi ya majina hata huku ipo. Nilipokuwa shule ya msingi, 2003, elimu ya bure ilipoanza, darasa lilijaa mpaka tukakaa sakafuni, na monita wetu alikuwa akijaza kurasa mbili.


AjiraMpya_2
Jumamosi, saa 4:44 usiku

Wakuu shikamooni wote. Nimepangiwa shule wiki iliyopita, nimeripoti, nimepewa Darasa la Kwanza kwa sababu hakuna anayelitaka. Sijalala vizuri siku tatu. Mleta mada naomba unisaidie kama mdogo wako: Jumatatu saa mbili asubuhi nimesimama pale mbele, ninafanya NINI? Chuoni tulifundishwa andalio la somo na azimio la kazi, hii ya dakika ya kwanza hatukuifikia.


ChakiYaMwisho
Jumamosi, saa 5:15 usiku

Marahaba mdogo wangu, na wote walioniita mkuu: mimi ni mama wa watoto wawili, ila mkuu inatosha, endeleeni.

Dakika ya kwanza usisimame mbele. Simama mlangoni. Wapange nje mstari mmoja, sio kwa urefu, wakae tu nyuma ya mwenzao. Kila anayeingia msalimie mmoja mmoja na umwonyeshe dawati kwa mkono. Kwetu nusu ya watoto nyumbani wanazungumza Kisukuma tu, kwa hiyo mimi nasema "mwangaluka" kwanza, kisha "hujambo". Ukiona bega la mtoto linavyoshuka akisikia salamu ya kwao kwa mtu mgeni aliyevaa viatu vya kisigino, utanielewa. Kwa watoto 60 zoezi hilo linachukua nusu saa. Liache lichukue.

Wakishakaa, fundisha ishara ya kunyamaza. Hii ndiyo ya kwanza kuliko zote, bila hiyo huwezi kufundisha ya pili. Zamani nilitumia makofi, lakini chumba chetu hakina dari, makofi yangu yalikuwa yanapokelewa na Darasa la Pili upande wa pili wa ukuta. Sasa nasimama sehemu moja, daima ile ile, chini ya dirisha la pili, naweka mikono yangu miwili kichwani. Sisemi neno. Anayeniona anaweka yake kichwani. Jirani yake anashangaa, anageuka, anaweka. Mikono ikipanda mdomo nao unafunga, sijui kwa nini, ila mtoto wa miaka sita hawezi kufanya yote mawili.

Jinsi ya kuifundisha: waambie wapige kelele. Kweli kabisa. "Haya, ongeeni, pigeni kelele, nataka mwalimu mkuu asikie!" Watakutazama kama umerukwa na akili. Wakishaanza kufurahia, nenda chini ya dirisha, mikono kichwani. Subiri. Usihimize, usiseme shhh. Mara ya kwanza unaweza kusubiri hadi dakika tatu na utaona aibu. Subiri hivyo hivyo. Rudia mara tano siku hiyo, mara tano kesho yake. Wanaipenda kwa sababu ni mchezo, na mwalimu gani mwingine amewahi kuwaamuru wapige kelele?

Siku ya kwanza ni hayo mawili tu, kuingia na kunyamaza. Ongeza wimbo, hadithi moja, uji kama shule yako inapika. Siku ya pili, madaftari hata kama bado ni matupu. Siku ya tatu, penseli: ya kuchongwa inainuliwa juu, kiongozi wa safu anapita na kichongeo kimoja, hakuna wembe, narudia, hakuna wembe. Choo kiingie siku ya kwanza ukiweza. Nitakiandikia kesho, mtoto analia.


Baba_wa_Mbagala
Jumapili, saa 1:18 asubuhi

Mimi si mwalimu, nimepita tu, ila mmetaja choo, basi naomba niseme kama mzazi.

Mwanangu wa kike mwaka jana alianza Darasa la Kwanza. Wiki ya pili mama yake akaona mtoto hanywi chai asubuhi. Akimlazimisha analia. Tulidhani ni minyoo. Siku nikamkalisha barazani taratibu, ndipo akaniambia: mwalimu amesema hakuna kutoka hadi mapumziko, na aliyetoka bila ruhusa alipigwa. Kwa hiyo yeye ameamua hanywi kitu tangu alfajiri ili asije akajikojolea mbele ya watu. Mtoto wa miaka sita amejipangia hesabu hiyo mwenyewe. Darasa liko kimya, nakubali. Nilienda shule, mwalimu hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikuwa na watoto 130 na matundu machache ya choo. Alisema, "Baba, nikimruhusu mmoja wanatoka arobaini." Sikuwa na jibu. Walimu humu mnalo?


ChakiYaMwisho
Jumapili, saa 2:02 asubuhi

Baba, pole sana. Na sina haki ya kumhukumu huyo mwalimu, maana mwaka wangu wa pili mtoto alijikojolea mbele ya ubao, kwenye zamu yake ya kuandika herufi. Alikuwa ameniangalia mara tatu. Nilidhani anaogopa herufi.

Mwenzangu amesema kweli, ukimruhusu mmoja wanatoka arobaini. Kwa sababu kuomba ruhusa kwenyewe ni burudani: unasimama, darasa zima linakutazama, unasema "mwalimu naomba kwenda chooni", unatoka kwenye jua. Nani asiyetaka? Na wale wasiojua Kiswahili vizuri hawawezi hata kuomba.

Ninachofanya ni hiki. Pembeni ya mlango nimepiga misumari miwili. Kwenye kila msumari kimetundikwa kifuniko cha kopo la maziwa ya unga chenye kamba, kimoja kina kitambaa chekundu, kimoja cha bluu. Nyekundu wasichana, bluu wavulana. Unataka kutoka, unachukua kifuniko, unakwenda, unarudisha. Husemi kitu. Kifuniko hakipo, kuna mwenzako nje, unasubiri. Umezidiwa kabisa, unatoka tu, na hakuna atakayekuuliza. Wiki ya kwanza kilizunguka kama daladala, kila mtu alitaka kukishika. Wiki ya pili kikapoteza ladha. Mwezi wa pili kuna vipindi hakiguswi kabisa.

Ila usisahau kufundisha choo chenyewe. Niliwahi kudhani wanajua. Wapo ambao hawajawahi kuona choo cha tundu chenye mlango, wanaogopa giza la ndani. Siku ya kwanza tunakwenda safu kwa safu, naonyesha pa kukanyaga, naonyesha kibuyu chirizi na namna ya kukanyaga kijiti maji yatoke. Watoto mia, asubuhi nzima imekwisha. Haidhuru.


Bint_Makunduchi
Jumapili, saa 3:40 asubuhi

Asalaam aleikum. Kwetu Unguja mtihani mwengine. Skuli yetu ina mikondo miwili, watoto wa asubuhi wakitoka wanaingia wa mchana, chumba kile kile. Mimi ni wa mchana. Misumari yako, mwalimu, ningeipiga saa saba, kesho ningekuta imetundikwa mkoba wa mtu. Kila nilichobandika ukutani nilikikuta kimegeuzwa.

Basi nimejifunza kubeba darasa langu ndani ya kikapu. Alama za safu ni vitambaa, navitandika kila siku kwenye ncha ya dawati la mbele na kuviondoa jioni. Na dakika tano za mwisho ni za kuwaachia wenzetu: ubao umefutwa, madawati yamenyooka. Mwaka juzi nilikubaliana na mwalimu wa asubuhi tufundishe kitu kimoja, safu zilingane, ishara ya kunyamaza iwe moja. Ugomvi wa madawati uliisha, maana kila dawati sasa lina wenyewe wawili wanaojuana, na wengine huachiana vikaratasi.

Na neno jengine. Watoto wetu wengi wanafika skuli wameshapita chuoni, yaani madrasa. Wanajua kuvua viatu kwa mpangilio, kukaa, kusoma kwa kupokezana, mkubwa kumsikiliza mdogo. Sisi walimu tunaanza Januari kana kwamba wametoka msituni. Mimi siku ya kwanza nawauliza: chuoni kwenu mnaingiaje? Mnafanyaje maalim akiwa na mtoto mwengine? Wananionyesha wenyewe. Nusu ya kazi huwa imekwisha.


Mkufunzi_Mstaafu
Jumapili, saa 4:10 asubuhi

Binti, hili la kuwauliza wanachokijua tayari ningelipenda sana nilipokuwa kazini. Nimelinakili kwenye daftari langu, ingawa sina tena darasa.


FimboYaMbali
Jumapili, saa 9:25 alasiri

Nimesoma yote tangu asubuhi, nimetoka ibadani nimerudi nimesoma tena. Sijasema nimekubali. Ila nina swali la kweli, sio la kejeli. Vifuniko sawa, mikono kichwani sawa. Yule mmoja je? Kila darasa lina yule mmoja. Wote wamenyamaza, yeye anaendelea. Wote wamepitisha daftari, yeye amelikalia. Huyo unamfanyaje bila mwanzi?


ChakiYaMwisho
Jumapili, saa 11:50 jioni

Swali zuri, na sitakudanganya kwamba wote nimewaweza.

Mara nyingi anarudia zoezi. Wakati wa mapumziko anabaki na mimi dakika mbili, tunafanya pamoja: pitisha daftari, weka, rudi, kaa. Mara tatu, sina hasira, simhubirii, halafu akacheze. Dakika mbili za mapumziko kwa mtoto wa miaka sita ni mali. Na nikimkosea jina au nikimsingizia naomba radhi mbele ya wote.

Lakini nikuambie wa mwaka juzi. Alikuwa mvulana, anakaa nyuma, kila nikiweka mikono kichwani yeye ni wa mwisho. Wakati bado natumia makofi alikuwa haitikii kabisa. Nilimwita mkaidi. Nilimwambia mama yake ni mkaidi, mama akakubali, nyumbani pia ni mkaidi. Nilipoanza mikono kichwani nikaona kitu: anaweka, ila anachelewa kidogo, baada ya jirani yake. Kila siku baada ya jirani. Nikamhamisha dawati la mbele pasipo na wa kumtazama. Siku hiyo aliendelea kuchora huku darasa zima liko kimya. Nikamsogelea kwa nyuma, nikamwita jina lake kwa sauti ya kawaida, hakugeuka. Kumbe masikio yalikuwa yanatoa usaha tangu mdogo. Zahanati wakampa dawa, wakamwandikia rufaa hospitali ya wilaya. Sikio moja limepona, la pili halisikii vizuri hadi leo. Anakaa mbele. Yuko Darasa la Tatu sasa na anasoma.

Kwa mwanzi ningemchapa mwaka mzima kwa kosa la kuwa kiziwi. Na miaka minne ile ya mwanzo, wangapi niliwachapa hivyo? Hilo swali silipendi, lakini linakuja lenyewe, hasa usiku.


FimboYaMbali
Jumapili, saa 12:15 jioni

Hapo sina neno. Kesho nitajaribu ile ya kupiga kelele. Mwanzi utakaa ofisini, sijasema nimeutupa.


Kiranja_Mstaafu
Jumapili, saa 12:17 jioni

Screenshot imepigwa. Mashahidi mpo.


AjiraMpya_2
Ijumaa, saa 12:40 jioni

Wakuu nimerudi kutoa taarifa kama nilivyowaahidi baadhi yenu kule pembeni.

Jumatatu walikuja 48. Nilisimama mlangoni miguu inatetemeka. Ishara ya kunyamaza, mara ya kwanza nilisubiri dakika nne na mwalimu wa jirani alikuja kuchungulia kama niko hai. Jumatano ilikuwa nusu dakika. Madaftari bado, tuko dakika sita, lakini hakuna aliyeumia. Choo nimepiga misumari kama ulivyosema dada.

Shida mbili. Leo nina watoto 63, wanaongezeka kila siku, wengine wazazi walikuwa wanatafuta sare, na wapya hawajui lolote, wanawavuruga waliojua. Na shida ya pili, kifuniko chekundu kimepotea.


ChakiYaMwisho
Ijumaa, saa 1:22 usiku

Safi sana mdogo wangu. Umefanya vizuri kuliko mimi mwaka wangu wa kwanza, mara mbili.

Wa sare wataendelea kuja hadi Machi, na usimrudishe hata mmoja. Mpe kila mgeni mwenyeji. Mwenyeji ni mtoto mwenzake, anakaa naye dawati moja wiki nzima, anamwonyesha kifuniko, kibuyu chirizi, anapitisha daftari naye. Usichague wale wanaojua sana, chagua wale ambao bado wanasitasita. Yule uliyekuwa unamfundisha kwa shida wiki iliyopita, mpe mgeni, utamkuta anafoka, "Hapana, sio hivyo, la kwako linakaa juu!" kwa sauti yako kabisa. Utacheka. Na kila Jumatatu rudieni yote pamoja kama nusu saa, wageni na wenyeji, hadi mwezi wa tatu.

Kifuniko, tafuta kopo jingine, uwe na akiba. Mimi tangu nianze nimepoteza vinane. Kimoja kilirudi mwezi wa nne. Nilimtembelea bibi wa mtoto mmoja, nikakikuta jikoni kimefunika kibuyu cha maziwa, na kitambaa chake chekundu bado kipo. Nikanywa maziwa, nikakiacha pale pale.